Muulize Babu Alikula Nini

Insha ya kwanza ilianza kwa kusema mashujaa wetu walimwaga damu ili sisi tuishi kwa amani. Ya pili ikaanza hivyo hivyo, ila hapo damu ilikuwa "isiyo na idadi". Nilipofika ya ishirini nilikuwa nimeshaacha kusoma: natupia jicho mistari miwili ya juu, naruka hadi aya ya mwisho, naandika alama. Tulikuwa waamuzi watatu katika ofisi ya walimu yenye feni mbovu, madirisha wazi, karatasi tumezikandamizia mawe zisipeperuke. Shindano lilikuwa la shule za sekondari za eneo lile, kuelekea Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai. Swali tulilitunga wenyewe kwa chini ya nusu saa, chai ikipoa: "Eleza mchango wa mashujaa wetu katika kulinda uhuru na amani ya nchi."

Kisha nikafika kwa binti wa kidato cha pili ambaye, ama hakulielewa swali ama alilielewa kuliko sisi, alikuwa ameandika ukurasa mmoja na nusu juu ya babu yake. Babu alikuwa mgambo, akachukuliwa kwenda Vita vya Kagera, dhidi ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda. Binti alimuuliza walikuwa wanakula nini. Biskuti ngumu, babu akasema, na zikiisha, ndizi za mashamba yaliyokimbiwa. Siku moja, ng'ambo ya mpaka, katika kijiji ambacho binti alikitaja kwa jina, waliingia nyumba isiyo na mtu wakakuta jikoni chungu cha maharage kingali na uvuguvugu. Wakala. Maharage yalikuwa yamezidi chumvi. Tangu siku hiyo, babu alimwambia mjukuu wake, huwa anamfikiria aliyeyapika, kama alifika alikokuwa anakimbilia.

"Nzuri," akasema mwamuzi mwenzangu, "lakini haina uzalendo." Tukampa nafasi ya sita. Na mimi nikatia sahihi.

Nimelifikiria swali lile kwa miaka kadhaa sasa, na ninazidi kuamini kwamba kosa halikuwa la watoto walioandika damu isiyo na idadi. Mwanafunzi wetu hufundishwa mapema sana kwamba swali lenye neno "mchango" linadai hoja sita, utangulizi na hitimisho. Ukimpa swali la sifa atakupa sifa, tena kwa mpangilio, kwa sababu ndivyo anavyofaulu. Hana haja ya kumtafuta mtu yeyote. Babu anaweza kuwa amekaa barazani hatua kumi kutoka alipo, akisikiliza redio, na insha juu ya mashujaa ikakamilika ndani bila yeye kuulizwa hata jina la kikosi chake.

Tatizo limo hata katika maneno. Ukitamka "maveterani" mtaani, mtu anafikiria timu ya wazee wenye vitambi wanaocheza mpira Jumapili asubuhi. Hawa ninaowasema mimi hawana jina moja: ni wanajeshi wastaafu, ni mgambo waliorudishwa makwao, ni babu tu. "Shujaa" tunamwita akishakufa. Kila tarehe 25 Julai Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, wengine huweka shada la maua, upinde na mishale, shoka. Ni ibada nzuri na sina ugomvi nayo, lakini ni ibada ya waliozikwa. Aliye hai hukaa kwenye viti vya turubai akisubiri soda.

Si sisi peke yetu. Marekani wana mashindano makubwa ya aina hii, yanayoendeshwa na VFW, chama cha askari waliopigana vita vya nje. Watoto wa darasa la sita hadi la nane huandika insha fupi ya maneno 300 hadi 400. Wakubwa wao hurekodi sauti ya dakika tatu hadi tano katika shindano lililoanza mwaka 1947, ambalo zawadi yake ya juu ya masomo imefika dola 35,000. Fedha zipo, wazee wenyewe wapo ukumbini wakigawa vyeti. Lakini mada ya kila mwaka ni uzalendo na demokrasia, na mtoto anaweza kushinda bila kumhoji hata mmoja wa wazee wanaompigia makofi. Mzee yumo kwenye picha ya zawadi, hayumo kwenye insha.

Wajerumani walikwenda njia nyingine. Mwaka 1973 Rais Gustav Heinemann na mfanyabiashara Kurt Körber walianzisha shindano la historia la shule ambalo masharti yake ni rahisi kuyasema na magumu kuyatimiza: chunguza jambo mahali unapoishi, katika familia yako, mtaani kwako, na uonyeshe umelipata wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mada ikawa maisha ya kila siku chini ya utawala wa Hitler. Fikiria maana yake. Waliopigana vita vyake, na waliokuwa wanachama wa chama chake, na waliofumba macho, walikuwa ndio walimu, makasisi, wahariri na madiwani wa mji. Vijana walitumwa kwenda kuwauliza.

Katika mji wa Passau, huko Bavaria, msichana aitwaye Anna Rosmus, aliyezaliwa 1960, alichukua swali hilo kwa moyo mmoja. Alitarajia kuandika habari za watu wema wa mji wake waliowapinga Wanazi. Ndivyo alivyokuwa amesimuliwa. Alipoanza kufungua magazeti ya zamani akakutana na majina ambayo bado yalikuwa yanaheshimiwa mjini. Milango ya nyaraka ikafungwa. Faili likaazimwa na mtu asiyejulikana, lingine likasemekana limepotea. Rosmus hakuacha shindano lilipokwisha: alikwenda mahakamani kudai haki ya kusoma nyaraka, akachapisha kitabu mwaka 1983, akatukanwa na kutishiwa maisha, na hadithi yake ikatengenezewa filamu na Michael Verhoeven mwaka 1990. Baadaye alihamia Marekani. Yote hayo yalianzia kwenye insha ya shule.

Naitaja Passau kwa sababu kila nikipendekeza kwamba watoto wetu waende kuwahoji wazee, wapo wanaonijibu kuwa ni jambo jema, la kujenga umoja. Huenda. Lakini anayetuma vijana mia mbili kwenda kuuliza maswali ya kweli ajiandae kwa majibu mia mbili asiyoyapanga. Urusi wamelijua hilo. Tangu 1999 taasisi ya Memorial iliendesha shindano la wanafunzi juu ya mtu na karne ya ishirini, na insha zikawa zinafika kutoka vijiji vya mbali zikieleza bibi aliyehamishwa kwa nguvu, babu aliyerudi kutoka vitani na kupelekwa kambini. Mwishoni mwa Desemba 2021 mahakama iliamuru taasisi yenyewe ivunjwe.

Sisi tuna mfano wetu, na inanishangaza jinsi tunavyousahau. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi kusini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 60 tangu 1905. Vijana walirudi makwao au maeneo ya jirani, wakakaa na wazee waliopigana, waliobeba mizigo, waliojificha porini wakati wa njaa iliyofuata. Waliandika walichoambiwa. John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa nguzo za kazi ile, lakini miguu iliyotembea na mikono iliyoandika ilikuwa ya wanafunzi. Bila wao sauti zile zingezikwa na wenyewe katika miaka ya 1970.

Hata kazi hiyo haikuepuka nguvu ya swali. Nchi ilikuwa na umri wa miaka saba, ilitafuta mwanzo wa taifa, na waliotumwa walikwenda wakiwa na shauku ya kusikia habari za umoja dhidi ya Mjerumani. Walizisikia. Lakini karatasi zao zina mambo mengine pia: waliokunywa maji ya dawa na walioyakataa, majirani waliotumia vita kulipizana visasi vya zamani, waliobeba bunduki upande wa serikali. Wanahistoria waliozirudia miaka mingi baadaye, katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, waliweza kubishana na hitimisho la miaka ya 1960 kwa kutumia, pamoja na vyanzo vingine, ushahidi uleule uliokusanywa wakati huo. Ndiyo faida ya kuandika alichosema mzee kabla ya kuandika maana yake. Maana inabadilika kila kizazi. Chungu cha maharage kinabaki chungu cha maharage.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na shindano ninalolifikiria, kwa sababu ni wa mjukuu. Mwaka 1973 ulitoka mkusanyo wa maisha ya Watanzania, mhariri akiwa Iliffe huyohuyo, na ndani yake Daisy Sykes Buruku aliandika maisha ya babu yake, Kleist Sykes. Ukoo huo ni darasa zima la historia ya vita. Baba yake Kleist alikuja na wapiganaji Wazulu walioletwa kutoka Msumbiji na kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Kleist mwenyewe alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck. Wanawe Abdulwahid na Ally walivaa sare ya Waingereza, ya King's African Rifles (KAR), wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Kisha wakawa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Sasa chukua swali letu la "mchango wa mashujaa katika kulinda uhuru" ulitandaze juu ya familia hiyo. Halitoshi popote. Uhuru upi, nchi ipi, bendera ipi kati ya hizo?

Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, inasema jambo hilohilo kwa anayejua kuitazama. Ilizinduliwa 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimika Wissmann, kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo upande wa Mwingereza. Kleist, aliyekuwa akiishi mjini humo, alipigana upande ulioelekezewa ile bayoneti. Na si mbali na hapo kuna Kariakoo, ambayo wanafunzi wengi wameshakwenda kununua viatu vya shule bila kuambiwa kwamba jina limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mwanafunzi wa Dar es Salaam ana somo la insha chini ya ndala zake.

Wa Mombasa naye anaweza kuanzia Kilindini. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka huko kwenda Colombo, imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga na ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297. Wenzao waliofika salama walivuka bonde la Kabaw huko Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kwenye mvua za 1944, magari yakinasa na mizigo ikibebwa migongoni. Walipoachiwa huru walilipwa kiinua mgongo kilichopangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akipata sehemu ndogo tu ya alichopata mzungu wa cheo hichohicho. Mmoja wao, Waruhiu Itote, alirudi Kenya akaingia msituni kama Jenerali China wa Mau Mau. Na hapo ndipo mwalimu anaanza kukuna kichwa, kwa sababu vikosi vya KAR, vikiwemo vya Tanganyika na Uganda, ndivyo vilivyotumwa kuwawinda Mau Mau. Yule mzee aliyekuwa KAR mwaka 1953, tumweke kwenye shindano au tumwache? Kenya ilibadili Siku ya Kenyatta kuwa Mashujaa chini ya katiba ya 2010, lakini kubadili jina la sikukuu ni rahisi kuliko kumjibu mtoto aliyegundua kwamba babu zake wawili walikuwa pande mbili za waya wa miiba.

Mimi ningemweka. Ningeweka na wapishi, madereva, na wake waliobaki na watoto. Ningetunga swali dogo: mtafute mtu mmoja aliyepitia vita, umuulize alikula nini, alivaa nini miguuni, alimwandikia nani barua, na siku aliyorudi alikuta nini nyumbani, kisha tafuta kitu kimoja, picha, kitambulisho, ramani au gazeti, kinachokubaliana naye au kinachompinga. Hilo la mwisho lina uzito wake. Wazee nao hutunga. Kuna hadithi tamu inayorudiwa vitabuni juu ya askari wa zamani wa Mjerumani waliokusanyika Mwanza katika miaka ya 1960 kulipwa malimbikizo yao: wengi hawakuwa na vyeti, basi mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja na kuamrisha gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Mwanafunzi akiniletea hadithi hiyo nitafurahi, halafu nitamwambia arudi na ushahidi.

Lugha nayo ina neno lake. Kwa miaka mingi Historia ya sekondari Tanzania imefundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anamsikiliza babu kwa Kihaya au Kisukuma, anafikiri kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza cha mtihani, na njiani chungu kinageuka kuwa "matatizo mbalimbali". Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na hilo kwangu ni mlango ulioachwa wazi. Sharti tu tusiliache neno "Maadili" limeze neno "Historia".

Kuna pia suala la kuumiza. Mzee aliyeona rafiki akikatika vipande viwili si kitabu cha kiada. Mwalimu lazima amfundishe mtoto kunyamaza, kubadili swali, kuaga na kurudi siku nyingine na kilo ya sukari. Wengine watakataa, na kukataa kwao kuheshimiwe. Insha ya mzee aliyekataa kusema inaweza kuwa nzuri kuliko zote.

Lakini muda hautusubiri. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 alizaliwa 1959. Wa Burma wameshakwisha, isipokuwa mmoja mmoja. Juu ya Kagera tuna kitabu cha Baldwin Mzirai, Kuzama kwa Idi Amin, kilichotoka 1980, tuna hotuba ya Mwalimu Nyerere ambayo kila mtu anaijua kipande, tuna makaburi ya Kaboya. Sauti za mgambo, wale waliotolewa shambani na kurudishwa shambani, zimo vichwani mwao tu.

Nirudi kwenye shindano letu. Siku ya zawadi walioitwa mbele walikuwa watatu wa kwanza. Yule binti hakuwa na sababu ya kuja, lakini alikuja, na babu yake, mzee mrefu mwenye koti moja lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwikoni. Sherehe ilipokwisha akanifuata. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwalimu. Ile karatasi ya mjukuu wangu mnairudisha?"

Nikamwambia kwa kawaida hazirudishwi. Akatikisa kichwa taratibu.

"Mle nilimtajia jina la kile kijiji cha maharage. Siku ile lilinijia lenyewe. Tangu hapo nalitafuta, halinijii. Na yeye anasema aliandika nilivyotamka, halikumkaa."

Nikaenda naye ofisini. Insha za washindi watatu zilikuwa kwenye jalada la plastiki, juu ya kabati. Nikauliza nyingine ziko wapi. Mwalimu wa zamu akasema boksi lilikuwa linajaza nafasi, wamezipeleka jikoni, kuwashia kuni.

Mzee akauliza jiko liko upande gani. Tulimkuta mpishi anapuliza moto wa uji, boksi likiwa pembeni, limebaki nusu. Tukachuchumaa wote watatu, tukaanza kupekua.